Mikono ya Gari Lililozaliwa Kushoto

Mvua ikinyesha Butembo, vipangusa vya gari langu vilikuwa vinaacha kona moja ya kioo cha mbele bila kuigusa. Ilikuwa kona ya juu kushoto, upande wangu wa dereva, kubwa kama ukurasa wa daftari. Nilibadilisha mipira ya vipangusa mara mbili, na nilinunua ile ya bei, si ya kuokota kwenye meza za barabarani. Kona ikabaki na maji yake. Mke wangu, anayekaa kulia kwangu, alikuwa na kioo safi mbele yake mpaka pembeni kabisa. Siku moja tukirudi kutoka Vuhovi na magunia ya viazi nyuma, aliniambia:

"Hii gari inanipenda mimi kuliko weye."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba gari halipendi mtu, gari linafuata hesabu. Nikamweleza hesabu zenyewe mpaka tukafika nyumbani.

Nina haki ya kueleza hesabu za gari. Nina diploma ya ufundi, yenye mhuri, ndani ya fremu ya kioo, na nimeitundika katika karakana yangu ya Vulamba mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaniona mimi. Niliipata Johannesburg. Nilifika kule na jozi moja ya viatu na Kiingereza cha kusalimia tu, na miaka tisa baadaye nilikuwa fundi mkuu katika karakana inayoinua magari ya porini, yale marefu ambayo wenye nazo huyapeleka jangwani siku za likizo. Watu walikuwa wanapanga siku zao kwa kufuata nafasi yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijitengeneza mwenyewe. Maneno hayo mawili niliyasema mara nyingi niliporudi, kwenye karamu ya kunipokea, kwenye ua wa kanisa, na kwa kila mtu aliyesimama karibu nami kwa muda wa kutosha. Nayaandika tena hapa kwa sababu yana kazi mbele.

Gari alininunulia yaya. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na wangu ni fundi pia, fundi wa kugeuza. Magari mengi ya kwetu yanaingia kupitia Uganda yakiwa na usukani kulia. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani unahamishiwa kushoto, pamoja na pedali, fimbo zake na kila kinachoufuata. Yaya amekuwa akifanya kazi hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Ndiye aliyenipa ufunguo wa kwanza kuushika, nikiwa nimelala chini ya lori kwenye gunia. Lakini kushika ufunguo ni jambo moja na kujua ni jambo lingine, au hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Nilipokuwa bado Johannesburg nilimpigia simu: "Yaya, nitafutie jeep yenye resori, ekseli ya mbele iwe nzima, na iwe imezaliwa kushoto. Usiniletee jeneza la kugeuza."

"Nimesikia," alisema.

Nilipofika, gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limeoshwa, usukani kushoto. Alinipa ufunguo kwa mikono miwili. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimeliinua sentimita kumi, resori mpya, yaani springi, amortisa mpya, yaani shokabu, magurudumu makubwa. Askari wa kizuizi kwenye njia ya Beni alilizunguka mara mbili kisha akasema, "Chef, mutuka kitoko!", yaani gari zuri, na akasahau kuniomba kitu. Siongezi chumvi.

Sasa, ukiinua gari la aina hii unapata tatizo ambalo mafundi wengi wa hapa hawalijui, wanalisikia tu mikononi. Ekseli ya mbele inashikwa na vyuma viwili virefu vinavyotoka kwenye chasi. Ndiyo mikono ya gari, na mafundi wetu wanaiita mabra. Chasi ikipanda, mikono inainama, na ekseli inajizungusha kidogo. Ule ulalo wa nyuma unaofanya magurudumu yarudi yenyewe katikati baada ya kona unapotea. Gari linakuwa kama mlevi. Ukiachilia usukani, linachagua mtaro. Dawa yake ni mikono mingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Kule Beni kuna msafirishaji mmoja, Mwislamu, mtu mzima aliyekwenda Maka, kwa hiyo kila mtu anamwita Hadji. Ana jeep nyingi zinazobeba watu na bidhaa kwenda kule ambako malori yanazama. Alilipenda gari langu. Alilizunguka kama yule askari, ila yeye hakusema kitoko.

"Ingénieur," aliniambia, "urefu naona. Mais mimi sinunue urefu. Ulete hapa Beni, ku lami, niachilie volan na mikono yote mbili. Kama hainipeleke mu mutaro, nakupatia gari zangu zote uziinue na uziangalie."

Magari yake yote! Karakana yangu ingekuwa na kazi ya kudumu, na mimi ningeacha kubadilisha mafuta ya pikipiki za watu wanaobishana. Niliwaambia wote, mke wangu, jirani, kwaya nzima. Jina langu sasa lilikuwa limefungwa kwenye mikono miwili ya chuma ambayo bado sikuwa nayo.

Nilichagua kwa wiki tatu, na nilichagua vizuri. Mpaka leo nasimama juu ya hilo. Kuna mipira yenye tundu lililotobolewa pembeni, unaiweka kwenye mikono ya zamani na inarudisha ulalo kidogo. Hiyo ni ya mtu aliyeinua sentimita tano na anaogopa. Kuna mikono ya bomba yenye nyuzi za kurefusha na kufupisha, mizuri sana kwenye picha, lakini nyuzi hizo zikikutana na tope la njia ya Beni zinashikana kwa kutu na hutazifungua tena. Kuna yenye mipira ya plastiki ngumu, inayopiga kelele kama kitanda cha hoteli ya bei ndogo. Mimi nilitaka mikono ya chuma kilichofuliwa, kipande kimoja, pembe yake imeshahesabiwa kiwandani kwa sentimita kumi, na mipira ya mpira wa kweli.

Katika orodha ya muuzaji kulikuwa na safu mbili. Seti ya usukani wa kushoto na seti ya usukani wa kulia. Tofauti yake ni mpindo: mkono mmoja umepindwa kwa nje ili upishe fimbo na masikio ya chuma yanayoishika upande huo, na upande wenyewe unategemea usukani ulizaliwa wapi.

Nililala chini ya gari kuhakikisha. Nataka hilo lieleweke. Sikuagiza kwa kudhani. Nililala na taa, nikatazama kila kitu, na kila kitu kilikuwa mahali nilipozoea kukiona. Kibati chenye herufi za chasi kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi nzito, na nikasema moyoni kwamba yaya amefanya vizuri kuzuia kutu. Kisha nikaenda kwake, si kwa shaka, ni kwa heshima tu.

Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Mafundi wake wanne walikuwa wamekaa kwenye tairi.

"Yaya, naagiza mabra. Gari ni ya kuzaliwa kushoto, hapana?"

Aliendelea kunawa. "Juu ya nini uagize? Niletee zile za zamani. Nazikata hapa, nageuza pembe kidogo, nasude. Siku mbili." Kwetu kusude ni kuchomelea.

"Yaya, pembe haikatwi kwa macho. Pembe inahesabiwa."

"Sawa, ingénieur."

"Ni ya kushoto, hapana?"

Alijipangusa na kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kushoto," alisema. Mmoja wa mafundi alikohoa. Mwingine alisimama akaenda kutafuta kitu ambacho hakukipata.

Nikaagiza seti ya kushoto.

Ilifika kwa lori la Hadji mwenyewe kutoka mpakani, na yeye akaja nayo Vulamba siku ya Jumamosi, na madereva wake wawili, kuona inavyofungwa. Nilifurahi. Nilikuwa nimetandaza turubai safi na kupanga funguo kwa ukubwa. Mafundi wa yaya walikuja pia, kama walivyozoea. Jumamosi nyingi walikuja kusimama mlangoni pangu nikiwaeleza wateja kwa nini gari la kugeuza ni hatari, jinsi chuma kilichokatwa na kuchomelewa kinavyochoka, jinsi jicho la fundi aliyesoma linavyolitambua kutoka mbali. Walisikiliza kwa makini sana. Nilidhani wanakuja kujifunza.

Mke wangu alimletea Hadji chai kwenye glasi. Nilitoa mikono ya zamani. Nikafunga wa kushoto mpya, ukaingia kama umezaliwa pale. Nikashika wa kulia, nikauinua, nikausukuma. Ukagonga chuma. Nikaugeuza kidogo, ukagonga tena. Palikuwa na sikio la chuma kwenye ekseli, nene, limekaa palepale ambapo mkono ulipaswa kupita, na mpindo wa kulipisha haukuwa upande huo.

"Kiwanda kimekosea," nilisema kutoka chini.

Niliupangusa mkono, nikausukuma mara ya tatu.

"Wamepinda vibaya. Nitawaandikia leo."

Niliona viatu vya Hadji vikizunguka upande wa mbele wa gari, polepole, vikasimama karibu na kioo.

"Ingénieur," alisema, "hizi esuiglasi zinalala kuelekea wapi?"

"Vipangusa? Hadji, niko chini ya ekseli, wewe unaniuliza vipangusa?"

"Toka uone."

Nilitoka. Alikuwa amekunja mkono wa kanzu na kuinua kipangusa kimoja kwa kidole, glasi ya chai mkono wa pili. Alichora hewani njia yake kwenye kioo, huku na huku, kisha akagusa ile kona yangu ambayo haikuwahi kupanguswa.

"Inapangusia mutu wa kuume," alisema. Kuume ndiyo kulia yetu. "Dereva wa hii gari alikuwa anakaa kuume. Hii gari ilizaliwa kuume, ingénieur. Iligeuzwa."

Nilisema haiwezekani. Nilisema nililala chini yake na taa. Dereva mmoja wa Hadji alichukua bisibisi bila kuniomba, akaenda kwenye kibati cha chasi na kuanza kukwangua rangi. Tulisikia sauti ya kukwangua kwa muda. Kisha akasoma herufi moja baada ya nyingine kama mtoto wa darasa la kwanza, akafika kwenye ile inayotaja upande wa usukani, akaisoma mara mbili. Ilikuwa ya kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa macho yangu. Kule nilikofanya kazi magari yote yana usukani kulia. Miaka tisa nimelala chini ya tumbo la magari ya kulia. Kila kilichobaki cha kulia chini ya gari hili kilionekana kwangu kuwa sawa, kwa sababu ndicho nilichosomea. Fundi yeyote wa Butembo, hata asiyejua kusoma, angeona siku ya kwanza.

Na waliona. Nilimgeukia mkubwa wa mafundi wa yaya. "Mulijua?"

Alitazama chini. "Patron, bote tulijua."

"Tangu lini?"

"Siku tuliifanya."

Mmoja nyuma yake alishindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka puani. Wengine walifuata, si kwa ubaya mkubwa, nadhani, ila kwa uchovu wa kukibeba muda mrefu. Mke wangu alikusanya glasi akaingia ndani.

Hadji alikuwa ameinama, anatazama lile sikio la chuma kwenye ekseli. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono wa kuchomelea kando yake. "Hii kazi naijua," alisema, akizungumza na chuma kuliko na mimi. "Hapa Butembo ni mutu mumoja tu anaviringisha mwisho hivi." Alisimama, akakung'uta kanzu. "Ni yaya yako."

Sikupanda gari. Nilichukua ule mkono wa kulia, begani, nikaenda kwa miguu. Ni chuma kizito na bado kilikuwa na grisi ya kiwandani, ikanichafua shati. Watu walinisalimu njiani. Mama mmoja muuza ndizi aliuliza kama nimeanza kuuza vyuma chakavu.

Yaya alikuwa anakula, peke yake, nyuma ya karakana. Fufu na sombe, yale majani ya muhogo. Alisogeza bakuli. "Karibu, kula."

Nilibaki nimesimama. Tangu nizaliwe sijawahi kukataa chakula cha yaya.

"Yaya, hii gari ilizaliwa kuume."

Alimeza kwanza. "Ndiyo."

"Na ni weye uliigeuza."

"Ndiyo. Nani amekuonyesha?"

"Hadji wa Beni."

"Amechukua muda gani?"

"Yaya, hapana cheka na mimi."

"Sicheki. Nauliza. Amechukua muda gani?"

Hadji alikuwa hajamaliza hata chai yake.

"Nilikuomba kitu kimoja," nilisema. "Kimoja! Na kabla ya kuagiza nilikuuliza mbele ya watu, mara mbili, ukaniambia kushoto."

Alinawa mkono kwenye kikombe, taratibu. Kisha akanieleza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba radhi. Alitafuta gari la kuzaliwa kushoto kwa miezi. Aliyoyaona yalikuwa yamekufa, chasi zimeliwa. Akapata hili, la kulia, zima kabisa, na akasema bora gari zima atakaloligeuza mwenyewe kuliko bovu lililozaliwa upande unaotakiwa. Aliligeuza kwa wiki tano. Alifunga karakana kwa wateja wengine. Alitaka kuniambia siku ya karamu yangu, mbele ya ukoo, kwamba hii ndiyo kazi yake bora tangu aanze, na ni yangu.

"Nilisimama na glasi," alisema. "Unakumbuka? Nilisimama niseme. Mais weye ulikuwa umeshaanza."

Nilikumbuka. Nilimwona amesimama, nikadhani anaitikia hotuba yangu. Ndiyo hotuba niliyosema kwamba hakuna aliyenishika mkono. Ndiyo niliyosema magari ya kugeuza ni majeneza yenye magurudumu, na kwamba nimerudi kukomesha kazi ya kukisia.

"Donc nikakaa," alisema yaya.

"Siku ile ungekasirika, ningeelewa. Kesho yake ungekuja unitukane. Mwaka muzima, yaya! Batoto bangu banapanda mule."

Hapo ndipo alipoinua sauti. "Banapanda mule juu najua iko nguvu! Unafikiri nitaweka batoto ba ndugu yangu mu kitu kibaya? Uko na diploma. Lala chini, tafuta kosa. Ukipata hata moja, uje unipige na hicho chuma."

"Na hawa mafundi? Wewe uliwatuma kuja kunisikiliza?"

"Balienda benyewe." Akasogeza kikombe. "Bakirudi, nilikuwa nabauliza umesema nini."

Hilo ndilo lililonikata. Ningeweza kumeza gari, na ningeweza kumeza rangi juu ya kibati. Lakini nilimwona amekaa pale kwenye tairi lake kila Jumamosi mchana, akisimuliwa maneno yangu, na watu wanne wakicheka, na yeye akiwaacha wacheke. Tulilala gunia moja chini ya lori moja. Nilibeba chuma changu nikaondoka, na bakuli la sombe likabaki lilipo.

Nilitafuta kosa siku tatu. Nilifungua pedali, nikapima fimbo, nikagonga kila mshono na nyundo nikisikiliza mlio. Nilivua tairi zote nne. Siwezi kuandika kwamba nilipata kosa, kwa sababu sikupata. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni siku ya tatu. "Umeona nini?" Nikamwambia hakuna kitu. "Sasa mbona unalia?" akasema. Nikamwambia ni vumbi la kutu, na gari lile halina kutu.

Wiki iliyofuata Hadji alipiga simu. Alianza na salamu ndefu, afya, watoto, mvua, na nikajua.

"Ingénieur, usikasirike. Mimi ni mutu wa kazi. Kama yaya yako aligeuza ile gari na weye hukuona mwaka muzima, basi ile ni kazi. Gari zangu nitampatia yeye. Weye ukuje umuhesabie pembe. Mutafanya pamoja, ni vizuri, ni ndugu."

Nilimwambia sifanyi kazi chini ya mtu aliyenidanganya. Nilidhani yaya angekataa pia. Nilidhani angalau angekuja kuniuliza. Nilisikia kwa muuza mafuta kwamba jeep mbili za kwanza za Hadji zimeshaingia karakana yake, zimeinuliwa juu ya magogo, na mafundi wake wamepewa ovaroli mpya.

Gari nililirudishia mikono ya zamani, na ile mipya niliitundika ukutani, chini ya diploma, ndani ya karatasi yake ya grisi. Wateja waliuliza ni ya gari gani. Nilisema ni ya gari la kushoto.

Yaya alikuja baada ya mwezi. Alisimama kwenye mlango wa karakana, hakuingia, kama mteja asiyejua bei.

"Ile mikono," alisema, "unaipangia nini?"

"Naitazama."

"Hadji iko na gari moja ya kuzaliwa kushoto. Ya kweli. Ameiinua sentimita kumi. Nilikata zile za zamani, nikasude. Inakamata njia, mais haitulie. Pembe sijaipata."

Alisema hivyo mbele ya fundi wangu na mteja wa pikipiki. Najua ilimgharimu. Nilitamani sana nifurahi.

"Nani amehakikisha ni ya kushoto?"

"Mimi."

"Basi sijui kama ni ya kushoto," nilisema. "Nitakwangua mwenyewe."

Alinitazama. "Kwangua."

Tulikwenda Beni asubuhi na gari langu, yeye amekaa mahali pa mke wangu, mikono ya chuma nyuma ikigongana kwenye mashimo. Tulizungumza habari za barabara tu, hapa pameharibika, hapa wameweka mawe. Katika ua wa Hadji sikusalimu mtu kabla sijachukua bisibisi. Kibati hakikuwa na rangi, kilikuwa na tope tu, kingesomeka kwa kupangusa na kidole. Nilikwangua hata hivyo. Yaya alisimama pembeni yangu muda wote, mikono nyuma. Herufi ilikuwa ya kushoto.

Mikono niliifunga mwenyewe. Iliingia yote miwili. Nilipima pembe kwa kifaa changu, nikakaza, nikapima tena. Hadji aliendesha kwenye lami, akaachilia usukani, akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na askari, na gari likaenda limenyooka mpaka mwisho wa lami. Alirudi anacheka. Alitaka tushikane mikono watu watatu kwa pamoja. Nilimshika Hadji peke yake.

Kurudi, mvua ilitukuta kabla ya Butembo. Nikawasha vipangusa. Kona yangu ikajaa maji, na nikaegemea kulia ili nione njia. Nilipoegemea ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikiegemea hivyo mwaka mzima, na shingo ilikuwa imezoea.

Yaya alikuwa anaitazama ile kona.

"Ile niliiacha makusudi," alisema. "Vyuma vya kugeuza vipangusa nilikuwa navyo. Nilisema, siku moja itanyesha, ataniuliza, yaya, juu ya nini hapa hapapanguswe? Akiuliza, nitamwambia yote." Alipangusa ukungu kwenye kioo chake kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. "Haukuuliza. Ulienda kununua mipira."

Mbele yetu lori lilikuwa limelala nusu kwenye tope na watu walikuwa wanalisukuma.

"Ungesema," nilimwambia.

"Na weye ungeuliza."

"Niliuliza, yaya. Mara mbili, ukinawa mikono."

Tulipofika mlangoni kwake alishuka, akabaki ameshika mlango, mvua inamnyeshea mgongoni. "Lete kesho nikugeuzie vipangusa. Ni saa moja tu."

"Acha," nilisema. "Nitaviacha hivyo."

Alifunga mlango kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kazi yake mwenyewe. Nimeviacha mpaka leo. Mvua ikinyesha naegemea kulia. Yaya akiniambia kitu, hata kitu kidogo, kwamba ufunguo fulani ni wa kumi na tisa, nauchukua, naupangusa, na kusoma namba mwenyewe.